Khabari Isiyohakikishwa: Jawabu kwa Jamaa Zetu wa Pumwani

Tumeletewa suali na jamaa zetu walioko Nairobi, katika mitaa ya upande wa mashariki wa mji ule. Hatukuona vyema kulijibu kwa barua ya mtu mmoja, kwani wengi katika wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wana mama wadogo, shangazi na binamu huko Pumwani, Majengo na Eastleigh, na lisemwalo huko usiku huwa limeshafika huku kabla ya adhana ya Alfajiri.

Suali lenyewe ni hili. Bibi mmoja wa Pumwani ana mtoto wa miezi minane. Wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba na matone ya chanjo ya polio, ule ugonjwa unaopoozesha watoto. Mumewe, ambaye riziki yake iko hapa Mombasa, alimpigia simu akamkataza asiwafungulie mlango, kwa kuwa amesikia barazani kwamba matone yale huua kizazi. Mkwewe amwambia, "Mwanangu, mchanje. Mimi wangu wote niliwachanja, na leo nina wajukuu." Jirani amwambia asithubutu. Kijana wa nyumba ya pili, aliyesoma kidogo, awacheka wote na kuwaita wajinga. Basi bibi huyo auliza: amfuate nani? Na iwapo atamchanja mtoto bila ya ridhaa ya mumewe, je, atakuwa amemuasi?

Jawabu la suali la pili ni fupi, nasi tutalitoa mwisho. La kwanza ndilo lenye uzito, kwa sababu halihusu chanjo peke yake. Lahusu namna sisi Waislamu tunavyopokea khabari.

Hatusemi kwamba watu wasijadiliane. Mitaa hiyo ina sifa ya majadiliano tangu zamani. Ukumbi wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulipata kuitwa bunge la Waafrika, kwa jinsi watu walivyokuwa wakikutana hapo kusemea haki zao walipokuwa hawana bunge la kuwasikiliza. Na hata leo, ukikaa nje ya mkahawa wa chai baada ya Magharibi, utasikia sheria, dawa, siasa na mitambo vikijadiliwa kwa mkupuo mmoja, na kila aliyepo ni kadhi, na ni daktari, na ni fundi. Hayo si aibu. Aibu ni pale neno linapopata uzito kwa ukubwa wa sauti ya msemaji, asiwepo mtu wa kumuuliza: wewe umelijuaje?

Suali hilo dogo si adabu tu, ni amri. Sura ya 49, Al-Hujurat, katika aya yake ya 6, yatutaka tuihakikishe khabari tunayoletewa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Na Sura ya 4, aya ya 83, yawalaumu wale ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza papo hapo, ilhali wangalilirejesha kwa wenye kulijua. Wanazuoni huliita jambo hili tathabbut. Sisi wa zama hizi tumejaliwa simu inayobeba sauti na picha kwa kidole kimoja, lakini twaitumia kana kwamba aya hizo zimeteremshwa kwa watu wa ngamia peke yao.

Wazee wetu wa pwani watalikumbuka neno mumiani. Asili yake ni jina la Kiajemi la dawa nyeusi kama lami, iliyokuwa ikiuzwa kwa ajili ya kuunga mifupa na kutibu majeraha. Kisha watu wakaingiwa na itikadi kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu, na mumiani likawa jina la mtu anayewinda watu usiku. Khabari hiyo ilipopanda bara ilibadili nguo. Katika miaka ya 1920 na 1930 ilivuma Nairobi, na Pumwani hasa, kwamba wazimamoto wa Serikali ndio wanaokamata watu na kuwatoa damu. Mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White, alizungumza na mabibi wazee wa Pumwani katika miaka ya 1970, akakuta khabari zile zingali hai vinywani mwao, naye akatoa kitabu juu ya jambo hilo mwaka 2000. Katika miaka yote hiyo hapana aliyeweza kuonyesha ndoo moja ya damu.

Lakini tusiharakishe kuwacheka. Karibu na Pumwani kuna mtaa uitwao Kariokor. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kilichukua wanaume wa nchi hii kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa na maradhi bila ya mtu kuwaambia jamaa zao walizikwa wapi. Mtu ambaye kaka yake alichukuliwa na Serikali akapotea, akiambiwa miaka michache baadaye kwamba gari jekundu la Serikali huchukua watu, kwa nini asisadiki? Ndoo ya damu ilikuwa uwongo. Watu waliochukuliwa walikuwa kweli. Na kila uvumi ulioishi muda mrefu, ukiuchimba, utakuta chini yake jeraha la namna hii, nalo ndilo linaloulisha.

Twataja jambo lililo karibu zaidi, lililotupata sisi wa Mombasa na wao wa Nairobi kwa siku moja. Tarehe 6 Mei 2020, ndani ya Ramadhani ya mwaka 1441, Serikali ilizuia watu kuingia na kutoka katika mitaa miwili kwa sababu ya korona: Eastleigh huko na Mji wa Kale hapa. Ilisemwa siku 15, kisha ikaongezwa hadi mwanzo wa Juni, na Idi ikatukuta ndani. Katika siku hizo ilizagaa khabari kwamba maradhi yale yanatoka katika minara ya simu ya kizazi cha tano. Sisi wenyewe tuliisikia kutoka kwa mtu mzima, mwenye kuswali safu ya mbele, akiapa kwamba mnara umesimamishwa karibu na nyumba ya mwanawe, na ndiyo sababu mtaa mzima wakohoa. Lau angaliuliza, angaliambiwa kuwa mtandao wa namna hiyo ulikuwa bado haujaanza kutumiwa na watu Kenya. Kampuni ya Safaricom ilianza kuufanyia majaribio Machi 2021, yaani karibu mwaka mzima baadaye.

Hapo tena tutazame jeraha. Watu wa Eastleigh wengi waliogopa kupimwa, na wakubwa wakasema, hawa ni wakaidi. Lakini waliokuwa wamewekwa karantini kabla ya siku hizo walidaiwa gharama za kukaa kwao, na wengine walizuiliwa kutoka kwa sababu hawana cha kulipa. Ni katika mwezi huo wa Mei ndipo Serikali ilipotangaza kwamba itabeba gharama za waliomo katika majumba yake. Isitoshe, mtaa huohuo, Aprili 2014, ulipigwa msako ambao maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa na kupelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa vyeti vyao. Aliyepakiwa lorini mwaka 2014 hawezi kumfungulia mlango kwa moyo mkunjufu mtu wa Serikali aliyevaa barakoa mwaka 2020. Mwenye kutaka kuondoa uvumi, naye asilitaje jambo hili, anapoteza wakati wake.

Sasa tuje kwenye matone ya polio. Mwenye kudai kwamba yanaua kizazi ni juu yake kuleta dalili, nasi kwa miaka mingi hatujaiona. Chanjo hii ya matone imekuwa ikitiwa vinywani mwa watoto tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Misri imeitumia, Indonesia imeitumia, Saudia imeitumia, na hizo ni nchi ambazo hapana atakayesema zimepungukiwa na watoto. Serikali ya Saudia huwataka mahujaji wanaotoka nchi zenye polio waje na cheti cha chanjo hiyo, na wengine hutiwa matone wafikapo tu. Ikiwa ni njama dhidi ya Waislamu, basi imepita mlango wa Makka bila ya mtu kuiona!

Wala tusidhani kuwa maneno haya ni ya Waislamu tu. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya walisema juu ya chanjo ya pepopunda maneno yaleyale ya kizazi, na Agosti 2015 wakawataka wafuasi wao waisusie kampeni ya polio mpaka chanjo ipimwe. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Hofu ya kukatiwa kizazi haina dini.

Yaliyotokea kwa ndugu zetu wa Nigeria yatosha kuwa somo. Mwaka 2003, katika jimbo la Kano na majirani zake, chanjo ya polio ilisimamishwa kwa khofu hiyohiyo, na ikakaa karibu mwaka mzima haitolewi Kano. Ilirudishwa mwaka 2004, baada ya wakubwa wa huko kuridhika na chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Lakini ugonjwa haukungojea. Kirusi cha kaskazini ya Nigeria kilisafiri mpaka nchi nyingi zilizokuwa zimeshasalimika, kikavuka Sudan, kikavuka bahari, na mwaka 2005 kikapooza watoto kwa mamia Yemen na Indonesia. Basi tazama: chanjo ya Indonesia ndiyo iliyowapa watu wa Kano utulivu, na kirusi cha upande wa Kano ndicho kilichowapooza watoto wa Indonesia. Hao waliopooza mwaka 2005, walio hai, leo ni watu wazima, na mguu uliopooza kwa polio haurudi.

Ama wale wanaojibu kwa hoja, si kwa kelele, wana mambo mawili mikononi ambayo ni kweli, nasi hatutayaficha.

La kwanza ni kwamba chanjo imewahi kutumiwa kwa hila. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani liliandaa kampeni ya chanjo ya homa ya ini mjini Abbottabad, Pakistan, ya kujisingizia, ili wapate damu ya kuwatambua jamaa wa Osama bin Laden. Mwaka 2014 Serikali ya Marekani ilitoa ahadi kwamba shirika hilo halitatumia tena kazi ya chanjo kwa ujasusi. Jambo lile lilikuwa khiyana, na waliolilipia ni wahudumu wa chanjo wa Pakistan, ambao wameuawa wengi, na watoto ambao hawakuchanjwa. Lakini hila ile ilikuwa ya kumtafuta mtu. Haikuwa ndani ya dawa. Mwizi akiingia nyumbani kwako amevaa kanzu, hutaacha kuvaa kanzu.

La pili lahusu Pumwani yenyewe, na hapa twaomba msomaji asome polepole. Machi 2018, katika maji taka yaliyochukuliwa Kamukunji, jimbo ambalo Pumwani na Eastleigh zimo ndani yake, kilipatikana kirusi cha polio cha aina ya pili. Kilichunguzwa asili yake, kikaonekana kina nasaba na virusi vilivyopatikana Banadir, Somalia. Na hakikuwa kirusi cha polio cha asili. Kilikuwa kimetokana na chanjo. Hapo ndipo mpinzani husimama na kusema: "Si mmesikia? Chanjo ndiyo iletayo ugonjwa!"

Twamjibu hivi. Matone yale yana kirusi kilichodhoofishwa. Mtoto akiyameza, kirusi hicho hukaa tumboni mwake muda mfupi, kikaufundisha mwili kupigana na polio, kisha kikatoka katika choo. Mahali penye choo kibovu na mifereji iliyo wazi, hupata kuingia kwa mtoto mwingine. Ikiwa mtoto huyo amechanjwa, safari yake imekoma. Ikiwa hakuchanjwa, na wa tatu hakuchanjwa, na wa nne hakuchanjwa, kirusi huenda kikihama kutoka tumbo hata tumbo miezi na miezi, kikibadilika kidogo kidogo, hata hurudiwa na nguvu zake za kwanza. Hivyo ndivyo kilivyopatikana kile cha Kamukunji. Ni kweli kwamba kilianza katika chanjo; lakini kilichokikuza ni watoto waliokosa chanjo, yaani milango iliyofungwa. Wataalamu nao si maasumu. Aprili 2016 waliiondoa aina ya pili katika matone ya kila siku duniani kote, wakitaraji kwamba imekwisha, na hesabu yao haikuwa kama walivyotaraji. Yote haya yapasa kuelezwa wazi, kwani mama wa Pumwani ana akili ya kuyafahamu. Anayemficha nusu ya ukweli kwa kumwonea huruma, humwacha apewe nusu hiyo na mtu mwenye nia mbaya.

Katika habari za chanjo hatujui mtu mwenye kisa cha kusikiliza zaidi kuliko Ali Maow Maalin, Mwislamu wa Merca, katika pwani ya Banadir. Alikuwa mpishi wa hospitali. Alikataa kuchanjwa ndui kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, aliogopa maumivu ya sindano. Oktoba 1977 akaugua ndui baada ya kuwasindikiza wagonjwa garini, naye akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Alipona. Mtu mwingine angalijificha kwa haya. Yeye aliingia katika kazi ya chanjo ya polio, akawa akienda kwa watu wake wanaokataa na kuwaambia: mimi nilikataa, tazameni yaliyonipata. Mwaka 2013 polio iliporudi Somalia na kupooza watoto karibu mia mbili huko, na 14 katika nchi yetu, aliinuka tena kwenda kuchanja. Alifariki Julai mwaka huo, kwa malaria, yumo katika kazi hiyo. Allah amrehemu. Watu wengi wa Eastleigh asili yao ni upande ule, na sisi twashangaa kwamba vijana wao wamjua mchezaji wa mpira wa Uingereza, na huyu hawamjui.

Turudi kwenye suali: nani afuatwe? Katika zama za Sayyidna Umar (r.a.), wakati wa tauni iliyojulikana kwa jina la Amwas, mwaka wa 18 wa Hijra, yeye alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh, Abu Ubaida na makamanda wakamlaki na khabari kwamba maradhi yameingia nchi ile. Umar hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakakhitilafiana: hawa wanasema tuendelee, hawa wanasema turudi. Akawaita Ansari, nao wakakhitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakasema kwa kauli moja arudi na watu. Abu Ubaida akapinga, akiona kuwa huko ni kukimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kwamba wanatoka katika kadari na kuingia katika kadari, kama mchunga anayeacha bonde kavu akaenda kwenye majani. Majadiliano yakawa hapo, kila upande una watu wakubwa. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo, akasema kuwa yeye ana ilimu ya jambo hili: amemsikia Mtume (s.a.w.) akikataza kuingia nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia. Mabishano yakaisha, na Umar akamhimidi Mungu akarudi.

Waliokhitilafiana Sargh walikuwa masahaba, na hapana aliyewalaumu kwa kukhitilafiana. Lakini alipokuja mwenye kujua, walinyamaza. Katika jambo la dini, mwenye kujua ni mwanachuoni. Katika jambo la polio, ni daktari wa watoto, na hata awe sheikh mwenye kilemba kirefu, kama hakuusoma utabibu, neno lake hapo ni kama neno letu. Mkwe wa bibi huyu, kwa uzoefu wake wa kulea, yu karibu na haki kuliko wote waliotajwa. Na yule kijana aliyewacheka ana haki katika hukumu, amekosa katika namna. Kicheko chake ndicho kilichomfanya jirani ang'ang'anie.

Ama suali la kumuasi mume, rai yetu katika darsa ni hii. Twaa ya mke ni katika mema, na hapana twaa katika jambo la kumtia mtoto katika madhara. Mtoto ni amana ya wote wawili. Sheria ya nchi nayo imesema hivyo, kwani Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yampa mtoto haki ya matibabu, yawabebesha baba na mama jukumu sawa, na yataka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Hata hivyo twamnasihi bibi asianze kwa kifungu cha Katiba. Aanze kwa kumpigia mumewe simu, amuulize kwa upole neno lile alilisikia kwa nani, na huyo alilisikia kwa nani. Akiona hakubali, naye ameshapata shauri la daktari, amchanje mtoto wala asimfiche mumewe. Hana dhambi, inshaallah.

Na wale wanaoshuku dawa iliyomo katika chupa, badala ya kusemezana gizani, wana njia ambayo baba zao wa zama za wazimamoto hawakuwa nayo. Kifungu cha 35 cha Katiba hiyohiyo chawapa raia haki ya kupata khabari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya mwaka 2016 inayokitekeleza imeweka siku 21 za kujibiwa, na saa 48 ikiwa khabari yahusu uhai wa mtu. Iandikwe barua: chanjo hii imetengenezwa wapi, imepimwa na nani, na matokeo yako wapi? Kamati ya msikiti yaweza kuiandika kwa jioni moja. Katibu wetu ameshaandaa barua ya mfano kwa Kiswahili na Kiingereza, na atampa kila atakayeitaka.

Mume wa bibi huyu yuko hapa Mombasa, nasi tumemjua. Tumemwalika katika darsa ya Jumamosi baada ya Isha, aje na yote aliyoyasikia, na daktari wa watoto, Mwislamu mwenzetu, amekubali kuja kukaa naye. Amejibu kwamba atakuja, ila aje na rafiki zake watatu wa barazani. Tumemwambia waje hata kumi.